Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Kuzuru Chuo cha Muziki

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanakwaya wetu kuzuru idara ya muziki ya chuo kimoja hapa Nairobi, tulioneshwa piano, tukaoneshwa ukumbi, tukapewa vijitabu vya kozi, kisha tukapiga picha langoni na kupanda basi. Njiani nilimuuliza kijana mmoja angependa kufanya kazi gani katika muziki. Akanijibu, "Kuimba, mwalimu," jibu lile lile alilotoka nalo nyumbani asubuhi. Nilihuzunika, kwa kuwa wazazi walikuwa wamejinyima ili kulipia safari ile.

Tangu siku hiyo siombi kutembezwa. Huandika barua mwezi mmoja mapema nikiomba wanafunzi wasiozidi kumi na watano wakae ndani ya somo linaloendelea, hata kama watasimama ukutani. Katika ziara ya mwisho tuliingia studio wakati wanafunzi wa mwaka wa pili walipokuwa wakirekodi nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo. Mpigaji alikuwa amevaa njuga mguuni na pete ya chuma, ile oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo gogo la chombo. Msichana aliyekuwa kwenye mitambo alilalamika kwamba mlio wa pete unaifunika sauti ya nyuzi. Akaenda, akaisogeza maikrofoni kama shubiri moja kuelekea kwenye ngozi, akarudi, akamvisha mmoja wa wanafunzi wangu hedifoni. Nilimwona mtoto yule akifumbua macho kwa mshangao: nyuzi zote nane zilikuwa zimejitokeza. Hakuna kijitabu ambacho kingemfundisha kwamba kusogeza maikrofoni ni kazi ya mtu, tena kazi yenye ujuzi wake.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu tangu Januari 2026 tuna wanafunzi wa Gredi ya 10 waliochagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na wengi wao wameujua muziki kupitia jukwaa la mashindano pekee. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewalea waimbaji wengi, nami nalipenda kwa dhati. Lakini mtoto aliye jukwaani hamwoni anayepanga sauti, anayekodisha vyombo, anayesimamia ratiba za wasanii wala anayeandika mikataba.

Kuhusu mikataba, nawasihi walimu wenzangu wasiondoke chuoni kabla ya kuuliza kama hakimiliki inafundishwa, na inafundishwa na nani. Nilipokuwa kijana niliitikia katika wimbo uliorekodiwa kwenye studio moja mjini, nikalipwa nauli na chai, bila kutia saini karatasi yoyote. Wimbo ulipoanza kuchezwa redioni sikuwa na namna ya kuthibitisha kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Sikujua kwamba haki ya mtunzi, haki ya mwimbaji au mpigaji chombo, na haki ya mwenye rekodi ni haki tatu tofauti, na kwamba ndiyo maana, kati ya vyama vya kukusanya malipo ya muziki, MCSK ilianzishwa kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa ajili ya wasanii watendaji na KAMP kwa ajili ya watayarishaji wa rekodi. Mwanafunzi akiyafahamu haya akiwa na miaka kumi na sita, hatatoka studio mikono mitupu kama mimi.

Karo na alama za kujiunga zitaelezwa hata msipouliza. Ulizeni badala yake kila mwanafunzi hupata saa ngapi kwa wiki za kushika mitambo mwenyewe, kwa maana studio nzuri inayofungwa kwa kufuli haimfai mtu. Ombeni pia dakika ishirini na wanafunzi wa chuo bila mhadhiri kuwepo, wawaeleze walikofanyia mafunzo ya kazini.

Mwanafunzi wangu aliyevishwa hedifoni bado anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Siku hizi huja mazoezini na daftari, na tunapotunga wimbo mpya huandika tarehe, jina la aliyetoa maneno na jina la aliyetoa sauti, kisha hutupitishia sote tutie saini.