Mbolea ya ruzuku iandike kwa bei kamili

Nalima mahindi eka mbili kule Muheza. Mwaka 2022, serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea, mfuko wa kilo 50 wa Urea uliokuwa umevuka 120,000 ulishuka hadi 70,000, na DAP vilevile. Nilichekelea. Nikapanga foleni na namba yangu ya usajili, nikabeba mifuko minne, na baada ya mavuno daftari likasema nina faida ya 180,000.

Nikamwonyesha mjomba. Yeye amelima tangu enzi za vocha, zile zilizoanza 2008, mkulima akilipa nusu na serikali nusu. Akauliza tu: "Na hiyo mbolea, iliyobaki kalipa nani?"

Usiku ule nilirudia hesabu. Kila mfuko hazina ilinilipia zaidi ya 50,000. Mara nne, zaidi ya 200,000. Bila ruzuku nilikuwa nimelima hasara, na hapo jembe langu na la mke wangu sijalitia bei. Msimu ule zilitengwa shilingi bilioni 150. Anachangia hata mama muuza vitumbua wa Mgandini, kila anunuapo sabuni akakatwa kodi ya asilimia 18, naye hana hata tuta la mchicha.

Sisemi ruzuku ni mbaya. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea, bila ruzuku wengi tungepanda bila mbolea. Ila weka safu mbili kwenye daftari: ulicholipa, na bei kamili. Shamba likisimama kwa safu ya kwanza tu, tafuta pesa inavujia wapi.

Yangu ilivuja kwa mazoea: nilimwaga mbolea bila kupima. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wanaohusika na udongo, kiko hapa hapa wilayani, nami sikuwahi kupeleka hata kopo moja la udongo wapime.

Lililouma zaidi ni lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Dalali alikuja na magunia yake, akayashonea vilemba, karibu debe zima likienda bure kila gunia. Ada ya shule inadaiwa, utamkatalia vipi? Siku hizi nauza kwa kilo, mzani mbele yangu, na sehemu ya mavuno naifungia kwenye mifuko isiyopitisha hewa mpaka wenzangu wamalize yao.

Vuli iliyopita safu ya pili ilibakiza 40,000. Mjomba akaipitia kwa kidole, akaniambia vibarua wa palizi sijawaandika.