USIUCHOMEKE HUO WAYA MWEUSI KWENYE PI!!

Mkuu simama hapo hapo. Umeuliza uanze na ladder (programu ya kuchora) au ST (ya kuandika) kwenye OpenPLC, ile programu ya bure ya kuendeshea mashine, na kama laptopu yako ya RAM 4 itatosha, halafu katikati umetupia kama utani kwamba sensa ya volti 24 umeshapata na jioni unaiunga moja kwa moja kwenye Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo. Jioni ya leo?? Zima kila kitu kwanza.

Pini za Pi mwisho wake ni volti 3.3. Hata 5 hazitaki, sembuse 24. Mimi nilijua? Wapi! Kuna jamaa nilikuwa namfuatilia YouTube, anaongea kwa kujiamini kweli, akasema input (pini ya kupokea ishara) ni input tu, chomeka twende. Kumbe yeye alikuwa anatumia kitufe, kitufe hakina umeme wake, kinagusisha pini na graundi basi. Hakusema hata mara moja!! Mimi nilikuwa na sensa ya kuhisi chuma, aina ya PNP, yaani ikihisi inatoa umeme, ya nyaya tatu kama yako, kahawia ni 24, bluu ni sifuri, mweusi ndo ishara, na ishara yenyewe ni hizo hizo 24, ukisogeza chuma inakutemea zote.

Nikasogeza spana. Taa ndogo kwenye sensa ikawaka, nikashangilia kama nimefunga goli mpaka wife akaja kuangalia kuna nini, kugeuka kwenye laptopu ukurasa wa OpenPLC umeganda. Nikarifreshi mara tatu huku nalaumu wifi, eti wifi, kuja kugusa chipu ya Pi kidole kikaruka chenyewe. Laki mbili na ushee hiyo. Programu ya bure ila ada nimelipa. Sasa hivi mwanangu anaiendesha sakafuni kama gari, angalau inatembea.

Kwa hiyo kwangu mimi waya wowote haugusi Pi kabla haujapita kwenye mita ya kupimia volti. Mita weka DC, probu nyeusi kwenye ule wa bluu, nyekundu kwenye mweusi, sogeza chuma, soma. Ikizidi 3.3 hauingii, hata aliyekuambia ana digrii. Katikati weka optokapla: volti 24 zinawasha taa ndogo ndani yake, upande wa pili unauona mwanga tu, hamna waya unaovuka. Ya kwangu inageuza ishara, sensa ikiwaka OpenPLC inasoma sifuri, nikahangaika siku mbili kumbe ni kuweka kontakti ya kinyume tu kwenye ladder, ile inayochukulia sifuri kuwa imewaka.

Na wakati unasubiri optokapla, programu yako ijaribu kwenye OpenPLC Editor, pale unapoitengenezea kwenye laptopu, bonyeza kale kamtu kanakokimbia, ile ni simulesheni, hapo hata ukikosea hakuna kinachonuka.

Ladder au ST? Ladder. La laptopu watakujibu wengine. Wewe piga picha hizo nyaya uziweke hapa kabla hujawasha, nipo mpaka saa nne usiku.