Kodi (chord) ya F kwenye gitaa inanigomea
SWALI: Mambo fundi, nina miezi minne najifunza gitaa, C, G na Am ziko poa ila F, ile ya kulaza kidole cha shahada nyuzi zote sita, inanitoa jasho, uzi wa pili unafanya "tup" tu na kiganja kinawaka moto. Au vidole vyangu vifupi?

JIBU: Vidole havina shida ndugu yangu, na pole, hapo ndo wengi wanatundika gitaa ukutani. Kwenye F nyuzi za tatu, nne na tano (ya kwanza ni ile nyembamba kuliko zote) zinabanwa na vidole vingine, kwahiyo shahada inahangaika na ya kwanza, ya pili na ya sita tu. Kilaze kwa ubavu, upande wa dole gumba penye mfupa, maana kikilala kifudifudi uzi unazama kwenye mikunjo, na kisogee karibu kabisa na chuma cha freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Gumba usilikaze, vuta kiwiko nyuma kidogo. Anzia umbo hilohilo freti ya 5, hapo inakuwa kodi ya A na nyuzi ni laini, piga uzi mmoja mmoja, ukifika dakika tano pumzika, halafu rudi freti moja moja. Freti ya 5 ikilia safi na ya 1 bado, mpelekee fundi gitaa aangalie kile kidaraja cha kichwani zinapopita nyuzi, pengine kiko juu sana.