Yule aliyecheza Fredo
Ndugu uliyeuliza yule jamaa aliyecheza Fredo kwenye sinema ya The Godfather mbona hakuonekana tena, anaitwa John Cazale, alifariki Machi 1978 kwa kansa ya mapafu, miaka 42 tu. Alitokea jukwaani New York, huko ndo alikocheza na mwigizaji Al Pacino kabla ya sinema, na maisha yake yote kacheza filamu ndefu 5 tu na zote 5 ziliteuliwa Oscar ya filamu bora, hebu fikiria! Ya mwisho aliicheza akiwa mgonjwa tayari. Ila yeye mwenyewe hawakumteua hata mara moja, inaniuma sana. Rudia kuangalia The Godfather pale baba yake Fredo anapigwa risasi akinunua matunda, bastola inamponyoka Fredo, anaishia kukaa pembeni ya barabara analia kama mtoto.