Bomba la majitaka limepita mbele ya geti: fundi asitoboe

Ndugu wa Ipagala, Dodoma, nimekuelewa: bomba jipya la majitaka limepita mbele ya geti lako, na fundi anataka kulitoboa usiku akuunganishe kwa bei poa. Usikubali. Peleka ombi DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma. Bomba likipasuka, fundi keshazima simu na msala ni wako.

Kazi ya ndani ya uwanja ndiyo ya fundi wako, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Bomba la inchi 4 lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Apime kwa mpira wa maji (ule mpira mwembamba unaojazwa maji kupima usawa), siyo kwa jicho (mafundi wetu na jicho, loh!). Kila kona iwe na chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia bomba. Kabla ya kufukia, jaza maji uone viungo vinavyovuja. Maji ya bati usiyaingize humo, mvua ya Januari itakurudishia uchafu chooni.

Shimo la zamani la choo livutwe na gari la majitaka, kisha lijazwe kifusi. Mtu asiingie ndani hata dakika moja, hewa ya mle inaua.

Choo chako kikiwa chini kuliko chemba ya barabarani, usichimbe chochote mpaka mhandisi apime.