Anasoma mbio lakini ukimuuliza amesoma nini, kimya

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Manyatta hapa Kisumu. Kijana wangu ako gredi ya 3, Kizungu anasoma mbio mpaka majirani wanamsifu, lakini akifunga kitabu nikimuuliza hadithi ilikuwa inahusu nini ananiangalia tu. Nyumbani tunaongea Dholuo, nje na wenzake ni Kiswahili na Sheng. Mwalimu wa tyusheni ameniambia Dholuo ndo inamchanganya, ati niache kuongea nayo. Niache kweli? (Mama wa wawili)

JIBU: Mama, usiache. Naliweka hilo mbele kabisa juu kuna wazazi wengi wamefuata ushauri kama huo na sasa mtoto hawezi kupiga stori na nyanya yake, na hicho Kizungu chenyewe bado hakijakaa.

Sasa tuangalie kusoma kwenyewe. Mwaka wa 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha: huku kuna uwezo wa kugeuza herufi kuwa sauti, huku kuna kuelewa lugha hiyo ukiisikia kwa masikio. Ni kuzidisha si kujumlisha, kwa hivyo upande mmoja ukiwa sufuri jibu ni sufuri hata kama ule mwingine uko juu aje. Kijana wako kwa herufi ako sawa kabisa, na hiyo si kitu kidogo, mpe hongera yake. Amekwama upande wa pili. Jaribu hivi: msomee wewe ile hadithi ya Kizungu polepole, yeye asikilize tu bila kitabu, halafu umuulize. Akikosa pia hapo basi shida si kusoma, ni kwamba Kizungu cha vitabuni hajakisikia vya kutosha, na kunyamazisha Dholuo hakutamwongezea hata neno moja.

Halafu kuna kitu watu husahau, yale mtoto anajua tayari kabla hajafungua kitabu. Mwaka wa 1988 huko Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi hadithi ya mechi ya besiboli, na wale waliokuwa dhaifu kwa kusoma lakini wanaujua huo mchezo walikumbuka na kueleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Akili haiweki maneno moja moja ivo yalivyo, inayaunganisha na yale iko nayo. Mpe huyo kijana hadithi ya omena zikianikwa kule Dunga, ama mbuta, ama gugumaji likiziba njia ya boti, utaona venye atachangamka. Mpe ya theluji, atatamka kila neno na hakuna picha yoyote inakuja kichwani. Na hayo anayoyajua, mengi aliyapata kwa Dholuo, kwa sababu ndo lugha mlimwelezea nayo dunia tangu azaliwe. Jim Cummins wa Kanada amelieleza hili tangu 1979, kwamba yale mtoto ameelewa kwa lugha ya kwanza yanamsaidia pia kwa lugha ya pili, hayabaki yamefungiwa huko. Hata CBC, mtaala wetu wa shule, inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na ripoti ya Gachathi, ile ya kamati ya serikali kuhusu elimu, ilishapendekeza hivo 1976. Shule nyingi hukimbilia Kizungu mapema na mimi hilo linaniuma sana.

Kwa hivyo jioni, kabla asome, ongeeni kwanza kuhusu picha na kichwa cha hadithi kwa Dholuo. Asome kipande kifupi, afunge kitabu, akueleze kwa Dholuo, kesho yake akueleze tena kwa Kiswahili, halafu ajaribu Kizungu hata kama ni cha kuvunjika, usimkatize. Hiyo kufunga kitabu na kutoa mambo kichwani ndo inayafanya yakae, Roediger na Karpicke walionyesha hivo 2006, waliojipima bila kitabu walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tu.

Lakini ukimpigia hadithi fupi kwa Dholuo na bado hawezi kukurudishia, hapo mpeleke akapimwe masikio, na uulize ofisi ya elimu ya kaunti ndogo wakuelekeze kwa kituo cha EARC, wao ndo huwapima watoto wenye shida za kujifunza.