Jibu: Mtafsiri wa hataza, Kiingereza kwenda Kisomali

Mkuu, umeuliza hapa Dar utampata wapi mtu wa kutafsiri hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya pampu kwenda Kisomali. Kuongea Kisomali pale Kariakoo hakutoshi. Uzito wote uko kwenye madai, yaani sehemu inayotaja hasa kinacholindwa: kifaa "chenye valvu mbili" na kifaa "chenye valvu mbili tu" ni ulinzi tofauti kabisa, na hiyo "tu" ndogo ndiyo watu huiruka.

Mpe mtafsiri unayemjaribu ukurasa mmoja wa madai, umlipe (bure utapata lipualipua). Kisha fundi Msomali aisome tafsiri hiyo bila kuona Kiingereza, akueleze pampu inavyofanya kazi. Akikwama, tafuta mtafsiri mwingine.

Kama maombi ya hataza hujayapeleka BRELA (wakala wa serikali unaosajili hataza), mtafsiri asaini kwanza mkataba wa siri. Faili umpe baadaye.